Taa ya Bluu Iliyonifikisha Kitonga

Gari langu halina mshale wa joto. Kwenye dashibodi kuna taa mbili tu: ya bluu, inayowaka asubuhi injini ikiwa bado baridi, na nyekundu, ambayo ukiiona ujue umeshachelewa. Jina la gari silitaji, maana kosa halikuwa lake. Ni vile vigari vya Kijapani vya injini ndogo, cc 1,300, ambavyo kila mtaa wa Dar es Salaam una vitatu vinne. Tunavinunua walimu, manesi na wahasibu kama mimi kwa sababu moja tu, havinywi mafuta. Changu kilianza kunywa. Ilinichukua miezi kumi kujua kwa nini, na miezi sita mingine kulipia jibu.

Nilipolinunua, taa ya bluu ilikuwa inazima kabla sijafika lami. Kutoka getini kwetu, Kimara Suka, hadi barabara kubwa ni kama kilometa moja na nusu ya mashimo. Nikimpita mama wa vitumbua, bluu imezima. Sikuwahi kuifikiria. Ilikuwa kama jogoo wa jirani: anawika, unaamka, basi.

Agosti ya mwaka ule, saa nane mchana, nikiwa kwenye foleni ya Ubungo na kiyoyozi kimewashwa, nyekundu ikawaka. Nikaegesha pembeni, mvuke unafuka mbele kama birika. Nikampigia fundi wa mtaani kwetu, akaja na bodaboda, begi la spana mgongoni. Akasubiri injini ipoe, akawasha, akaangalia: feni ya rejeta haizunguki. Waya ulikuwa umekatika jirani na soketi. Akaunga, feni ikazunguka. Kazi ilikuwa imekwisha hapo. Lakini akainua kichwa, akasema:

"Dada, na themostati nakutolea hapo hapo."

"Ya nini hiyo?"

"Inazuia maji yasiende kwenye rejeta. Wajapani wameiweka kwa sababu kwao kuna barafu. Huku kwetu na joto hili, ya kazi gani? Itakuja kukuchemshia gari bure."

Mimi natiririka jasho, lami inawaka, mtu ananiambia habari za barafu. Ningebishaje? Nikamwambia toa. Akaitoa, akarudisha kifuniko chake na gasketi ya karatasi aliyoikata mwenyewe, akajaza maji ya bomba, akachukua elfu thelathini yake. Themostati yenyewe, ambayo hakuna aliyeipima kama ni nzima au mbovu, akaitupa mtaroni.

Gari halikuchemka tena. Na mimi, badala ya kuishukuru feni, nikamshukuru fundi kwa kutoa themostati. Nikawa balozi wake. Wenzangu watatu ofisini waliniuliza habari za gari kuchemka, wote nikawaambia: itoe ile kitu, huku kwetu joto. Mmoja alinisikiliza. Nimeshamwomba radhi.

Kuanzia wiki ile, taa ya bluu ikaanza kukaa. Ilipita kwa mama wa vitumbua ikiwa inawaka, ikapita Kimara Mwisho, Korogwe, Baruti, siku nyingine ikanifikisha Ubungo. Asubuhi za mvua barabara ikiwa nyeupe, ilizima, kisha nikikimbia kidogo ikawaka tena. Unajua nilifanyaje? Nilifurahi. Nilikuwa nimeshatishwa na nyekundu, kwa hiyo bluu kwangu ilikuwa amani. Nilimwonyesha hata dada mmoja tunayefanya naye kazi: "Ona, langu halipati joto kabisa." Nilidhani najisifia kumbe nasoma dalili kwa sauti.

Dalili ya pili ilikuwa kwenye daftari. Kazi yangu ni hesabu, naandika kila lita ninayoweka. Kabla ya Agosti gari lilikuwa linakwenda kilometa 14 kwa lita. Septemba likashuka hadi 12, Oktoba 11, likabaki hapo. Kwa mwezi natembea kama kilometa 1,040, kazini na kurudi. Kwa 14 nahitaji lita 74, kwa 11 nahitaji lita 94 na ushee. Lita ishirini za ziada kila mwezi, wakati huo petroli ilikuwa inachezea elfu tatu kwa lita: elfu sitini. Zidisha kwa miezi kumi.

Nikampelekea fundi wa plagi. Akabadilisha zote nne, elfu sitini. Hakuna kilichobadilika. Nikaenda kwa vijana wanaosafisha nozeli, elfu arobaini. Nikaambiwa sensa ya oksijeni imechoka, nikanunua ya mtumba, elfu themanini. Kilometa 11 kwa lita ikabaki 11.

Halafu sailensa, yaani mzunguko wa injini gari likiwa limesimama. Asubuhi ukiwasha gari linavuma juu, hilo ni la kawaida, injini baridi hujipandisha yenyewe halafu inashuka. Langu lilikuwa halishuki upesi. Nikilisimamisha kwenye taa za barabarani linavuma kama linataka kuondoka peke yake. Eksozi nayo ikawa na harufu ya petroli. Siku moja nikafungua mfuniko wa oili kuangalia, nikakuta chini yake utando mweupe wa rangi ya maziwa, laini kama krimu ya kupaka. Nikaufuta na kitambaa, nikafunga.

Makosa yangu yote ya miezi ile yako hapo. Kila dalili niliipeleka kwa mtu wake, ya mafuta kwa wa plagi, ya kuvuma kwa wa sailensa, ya utando sikuipeleka popote. Hakuna aliyeniuliza taa ya bluu inazima saa ngapi, na mimi sikuisema, kwa sababu nilikuwa nimeiweka kwenye fungu la habari njema.

Juni tukasafiri kwenda Njombe, kwa wazazi. Mimi, mdogo wangu wa kiume na wanangu wawili. Kitonga tulipanda kama hakuna mlima, bluu na nyekundu zote zimezima, mdogo wangu akasema hili gari ni mbuzi. Imani yangu kwa yule fundi ikazidi kupanda nao ule mlima. Tukapita Iringa jioni, tukapita Mafinga giza limeingia, na baada ya hapo ndipo baridi ya nyanda za juu ilipotukamata. Mtu wa Dar akisema baridi anamaanisha Julai ya kufungua dirisha usiku. Njombe iko juu karibu meta 2,000, na Juni baridi yake inaingia kwenye mifupa ya vidole.

Nikawasha hita. Ikatoa upepo wa baridi. Nikaipandisha hadi mwisho, upepo ukaongezeka, baridi ile ile. Kioo cha mbele kikaanza kufunga ukungu kwa ndani, mdogo wangu anakifuta na kofia yake kila baada ya dakika mbili, watoto nyuma wamejifunika khanga mbili na jaketi langu. Na pale kwenye dashibodi, gari likiwa mwendo wa 80 na limetembea tangu alfajiri, taa ya bluu ikawaka.

Nilipunguza mwendo. Nilikuwa sijawahi kuiogopa ile taa. Usiku ule niliiogopa, ingawa sikujua naogopa nini. Gari lililotembea kilometa zaidi ya mia sita linaniambia halijapata joto.

Asubuhi baba akamwita mzee mmoja jirani yake, fundi wa malori aliyestaafu, miaka mingi amefanya kazi Makambako. Tukasalimiana, "Kamwene", akazunguka gari mara moja bila kugusa kitu. Injini ilikuwa imelala usiku kucha. Akaniambia, "Binti, washa." Nikawasha. Akaweka kiganja kwenye mpira wa juu wa rejeta, akatulia kama nesi anayehesabu mapigo. Baada ya muda mfupi akanivuta mkono, akaniwekea pale pale. Mpira ulikuwa unapata uvuguvugu pole pole, pamoja na injini.

"Nani ametoa themostati?"

Nikamweleza habari za barafu. Alicheka hadi akashika kiuno.

Alichonieleza nakiandika kwa maneno yangu, kwa sababu maneno yake yalikuwa na Kibena ndani. Themostati ni mlango. Katikati yake kuna kikopo kidogo cha shaba chenye nta. Ikiwa baridi, nta imeganda, springi inaubana mlango, maji yanazunguka ndani ya injini tu, hayaendi kwenye rejeta. Ndiyo maana injini inapata joto upesi. Maji yakifika nyuzi themanini na kitu, nyingi za magari yetu haya ni 82, nta inayeyuka, inatanuka, inasukuma pini, mlango unafunguka kidogo kidogo kuruhusu maji yakapoe kwenye rejeta. Yakipoa sana, unajifunga. Siku nzima unafunguka na kujifunga bila mtu kuuona. Haina waya, haina kompyuta.

Ukiutoa ule mlango, maji yanakwenda kwenye rejeta tangu dakika ya kwanza. Dar kwenye foleni utasalimika, jua na msongamano vitaipasha injini. Kwenye barabara ndefu yenye upepo wa baridi, haipati joto lake kamwe. Kompyuta ya gari inapoona maji ni baridi inadhani bado ni asubuhi, inaendelea kumwaga petroli ya ziada na kupandisha sailensa. Hapo mafuta yanaliwa. Petroli isiyoungua inateremka kwenye kuta za silinda na kuchanganyika na oili, unyevu ambao ungekauka kwa joto unabaki, na huo ndio utando wa maziwa niliokuwa naufuta. Hita nayo haina moto wake, inaazima joto la maji yale yale ya injini. Vitu vitano nilivyokuwa nimevitenga vilikuwa kitu kimoja.

"Na umebahatika," akasema. Injini nyingine themostati yake ina sehemu ya chini inayoziba njia ya mkato. Ukiitoa, maji ya moto yanapitia njia ya mkato na kurudi kwenye injini bila kugusa rejeta, na gari linachemka zaidi ya lilivyokuwa. Kwa hiyo kutoa themostati ili gari lisichemke kunaweza kulichemsha.

Kile kipimo cha mkono mtu yeyote anaweza kukifanya. Injini iwe imelala usiku kucha. Washa, shika mpira wa juu wa rejeta. Unatakiwa ubaki baridi dakika kadhaa wakati injini inapata joto, halafu ghafla, kama mtu amefungua bomba, uwe wa moto. Hapo mlango umefunguka. Ukiuona unapata uvuguvugu tangu mwanzo pamoja na injini, mlango uko wazi au haupo. Kuna injini ambazo themostati imekaa upande wa mpira wa chini, basi unaushika ule. Dada zangu, mtandio na khanga viacheni ndani ya gari kwanza, feni huwa inajiwasha bila kupiga hodi. Na ukipeleka gari kupimwa na mashine, namba P0128 maana yake ni hiyo hiyo: maji ya injini hayafikii joto ambalo themostati inapaswa kuyafikisha. Langu halikuwahi kuwasha hata taa ya cheki injini.

Mzee hakuwa na themostati ya gari dogo. Akaniambia nikifika Dar ninunue halisi, na kabla haijafungwa niichemshe kwenye sufuria. Nikasema ndiyo mzee, asante mzee, shikamoo mzee. Hilo la sufuria lilitoka kichwani kabla hatujafika Makambako.

Dar, dukani, niliambiwa halisi ni elfu hamsini na tano. Duka la pili kuna ya elfu kumi na mbili, boksi lile lile, rangi ile ile, muuzaji ananiapia. Nimeshapoteza laki sita za mafuta na laki moja na themanini za kubahatisha, halafu nikaona busara ni kuokoa elfu arobaini na tatu. Nilichukua ya kumi na mbili. Haikuwa na namba ya nyuzi popote kwenye bati lake. Themostati nyingi za maana zimegongwa namba hiyo, 82 au ngapi, juu ya bati. Sikujua kuitafuta.

Fundi yule yule akaifunga kwa elfu kumi na tano, ananinung'unikia kwamba narudisha ugonjwa. Hakuipima. Kuna kitobo kidogo pembeni ya themostati chenye kipini kinachotikisika. Kinatakiwa kikae juu, ili hewa iliyonaswa ipite. Baadaye niliambiwa changu kilikuwa kimekaa chini. Akajaza maji ya bomba tena, sikumdai kulanti, yale maji maalumu ya rejeta, akafunga mfuniko bila kuacha injini ifanye kazi hadi mapovu yaishe.

Lakini taa ya bluu ikarudi kwa mama wa vitumbua! Wiki ya pili daftari likasoma 13. Niliona nimemaliza.

Desemba, siku tatu kabla ya Krismasi, tukaondoka tena watu wanne na gunia la mchele. Mikumi nilisikia kama maji yanagugumia ndani ya dashibodi nilipopunguza mwendo kwenye matuta. Nikaongeza sauti ya redio. Ruaha Mbuyuni tukasimama kununua vitunguu, na nyekundu ikawaka, ikazima, ikawaka. Kopo la akiba lilikuwa limejaa hadi kwenye mfuniko na linatokota.

Nilichofanya pale msikifanye. Nilichukua taulo la mtoto nikafungua mfuniko wa rejeta. Ule mfuniko unabana maji kwa shinikizo ili yasichemke kwenye nyuzi 100; ukiuachia, yanalipuka yote kwa pamoja. Nina kovu kwenye mkono wa kulia, upana wa kiberiti, na nashukuru lilikuwa mkono wala si uso. Halafu kijana mmoja akaniletea maji ya kunywa kutoka kwenye barafu, chupa mbili, nikayamimina humo humo injini ikiwa inaunguza. Nyekundu ikazima. Tukasubiri robo saa. Ningeshika mipira miwili ya rejeta wakati ule kwa kugusa tu, ningekuta mmoja unaunguza na mwingine baridi kama bomba la nyumbani. Kipimo kile kile cha mzee, kimegeuzwa. Mlango ulikuwa umekataa kufunguka.

Mdogo wangu akasema tulale pale. Nikamwambia juu kuna baridi, gari litapoa lenyewe.

Wanaopita Kitonga wanaijua. Ukuta wa mlima upande mmoja, bonde upande mwingine, nyani wamekaa pembeni kama abiria wanaosubiri basi, na malori ya Zambia na Kongo yanapanda kwa mwendo wa mtu anayetembea. Tukakwama nyuma ya lori la namna hiyo. Kiyoyozi nimekiacha kimewashwa kwa ajili ya watoto. Kona ya tatu au ya nne, nyekundu ikawaka, ikabaki.

"Dada, simama."

"Nisimame wapi hapa? Tufike juu."

"Dada, zima gari."

Nilikwenda kona mbili zaidi. Hizo kona mbili ndizo zilizonigharimu. Hadi hapo ilikuwa bado ni themostati ya elfu kumi na mbili. Gari likaanza kupungua nguvu, nakanyaga haliitiki, likawa linagonga ndani kama mtu anayepiga bati kwa kijiko, harufu ya raba iliyoungua ikaingia hadi nyuma. Nilipopata sehemu pana kidogo likazima lenyewe. Mdogo wangu akashuka kukata matawi, akayapanga barabarani nyuma yetu. Watoto nikawaweka upande wa mlimani, mbali na gari. Mkubwa wangu, ana miaka tisa, hakulia. Aliniuliza tu kama gari limekufa, na mimi ndiye niliyelia.

Dereva mmoja wa lori aliyesimama akatusaidia, na akanifundisha jambo ambalo ningelijua saa moja kabla lingeniokoa. "Zima kiyoyozi, washa hita. Moto wa mwisho, feni ya mwisho, fungua vioo vyote." Hita ni rejeta ndogo iliyo ndani ya gari, na maji yake hayasubiri themostati ifunguke. Inakuchoma wewe ili kuipunguzia injini, lakini ni ya kukufikisha mahali pa kusimama tu, haikufikishi Iringa. Nyekundu ikikaa, unazima gari.

Tulivutwa hadi Iringa kwa laki mbili. Fundi wa kule alichomoa kijiti cha oili tu akanionyesha: rangi ya chai ya maziwa. Safari hii haukuwa utando chini ya mfuniko, ni oili yote. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua kati ya silinda mbili, na hedi yenyewe, kile kifuniko kizito cha juu ya injini, kwa kuwa ni ya aluminiamu, imepinda. Watoto na mdogo wangu nikawapandisha basi la Njombe. Mimi nikabaki gesti usiku tatu, na Krismasi niliila kwa chipsi.

Siku ya pili yule fundi akaomba sufuria kwa mama ntilie wa jirani. Akaitumbukiza themostati yangu kwenye maji, ameifunga uzi ili isiguse chini, maana chini ya sufuria pana joto kuliko maji. Maji yakachemka. Ikakaa pale kama kokoto. Akaitumbukiza mpya, halisi, ambayo safari hii nililipa hamsini na tano bila kuuliza bei mara mbili. Kabla maji hayajaanza kutokota ikaanza kuachia, mstari mwembamba kwanza, halafu ikatanua mdomo. Akaitoa, ikajifunga taratibu kwenye kiganja cha glovu yake. Akanitahadharisha kwamba Iringa, kwa jinsi ilivyo juu, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayafiki 100, kwa hiyo nisishangae ikifunguka kidogo kuliko itakavyofunguka nikiipima Dar. Ukiwa na kipimajoto cha jikoni ndiyo bora zaidi: unaona inaanza kwenye namba gani, unalinganisha na iliyogongwa juu yake.

Mama ntilie aliisugua sufuria yake kwa mchanga mara mbili, na nikamnunulia mpya.

Hesabu, kama ilivyo daftarini: kuvutwa 200,000. Gasketi na vikorokoro vyake 95,000. Kusawazisha hedi 60,000. Oili, chujio na kulanti 110,000. Ufundi 250,000. Gesti 90,000. Themostati 55,000. Jumla 860,000. Ongeza yale ya Dar, mafuta 600,000, ya kubahatisha 180,000, kuitoa 30,000, kununua bandia na kuifunga 27,000. Shilingi 1,697,000, kwa kitu kinachoenea kwenye kiganja. Chai, nauli za basi na dawa ya mkono sijaziweka.

Yule fundi wa mtaani tunasalimiana. Nilimpelekea ile themostati ya bandia ndani ya mfuko wa nailoni, nikamwomba tuichemshe pamoja, tukaichemsha kwenye kopo la rangi. Aliiangalia muda mrefu. Akaniambia ameshatoa nyingi sana za magari ya watu. Siku hizi akikuta inashukiwa, anaichemsha kwanza, na anamwuliza mteja kama feni inazunguka.

Mimi nimebaki na tabia ambayo wanangu wananicheka. Kila asubuhi naangalia taa ya bluu inazimikia wapi. Tangu tulipotoka Iringa, mwaka mzima sasa, imekuwa ikizimika kati ya kwa mama wa vitumbua na kibanda cha chipsi. Jumatatu ya wiki iliyopita ilizimikia lami. Nikasema ni mvua. Jumanne hapakuwa na mvua, ikazimikia Kimara Mwisho.

Jumamosi nimeshapanga na fundi. Sufuria naibeba mimi.